Maua Yasiyotaka Maji

Katibu wa hospitali alisimama mbele ya tuta, mikono kiunoni, akatazama vishina vyembamba vilivyoinamia upande mmoja na vipande vya buluu vilivyotapakaa chini yake, kisha akauliza swali ambalo Chiriku alikuwa akiliogopa tangu asubuhi.

"Haya ndiyo maua yenyewe?"

"Ndiyo haya, mheshimiwa. Ila umeyakuta yamekwisha kazi ya leo. Asubuhi yalifunguka yote, buluu tupu mpaka ukutani. Kila ua linaishi siku moja tu. Mchana ukifika linaangusha petali zake, na kesho matumba mengine yanafunguka. Hayajafa hata kidogo, ukija..."

"Mama," Katibu akamkatiza, tena si kwa ukali, "kumbe maua nayo yana zamu?"

Karani aliyekuwa nyuma yake akacheka. Mume wa Chiriku hakucheka. Alisimama pembeni, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza bustani wa hospitali, kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Watu walimwita Mzee Mpira, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuonekana bila mpira wa maji begani. Mkewe hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alimsaidia tu mumewe tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Jina la Chiriku, yule ndege mpiga kelele, alilipata utotoni kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, na ukubwani hakufanya lolote la kulikanusha.

"Kamati inakuja Alhamisi," Katibu akaendelea. "Kuna wajumbe wanataka hapa pamwagwe zege, pawe maegesho ya magari. Mimi sina ugomvi na maua. Lakini wakija wakakuta hivi vijiti, nitawaambia nini?" Alinyanyua mguu akakung'uta petali iliyonasa kwenye soli ya kiatu. "Hospitali isiyo na bustani haina haja na mtunza bustani. Na ile nyumba kule nyuma ni ya mtunza bustani. Mnanielewa?"

"Tumekuelewa, bosi," Mzee Mpira akasema. 

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyoegemezwa ukuta wa chumba cha kufulia mashuka. Mvuke wa sabuni ulipita dirishani mchana kutwa, na ukuta wa upande ule ulikuwa na joto hata siku za baridi. Chiriku alizaa humo, akalea humo, na humo ndimo alimokuwa akisema kila mwaka kwamba mwaka ujao watatafuta kiwanja. Karo za watoto zilikula pesa za viwanja viwili, ugonjwa wa mama mkwe ukala za cha tatu. Mtoto wao wa kiume alikuwa na chumba kimoja mjini, yeye, mkewe na watoto wanne. Mara ya mwisho walipomtembelea, wazee walilala wameketi. Kwa hiyo Katibu alipoitaja nyumba, Chiriku alianza kuhesabu siku zilizobaki mpaka Alhamisi.

"Ile ni kiu," Mzee Mpira akasema, akivua viatu mlangoni.

"Siyo kiu."

"Ua linaanguka jua likiwa utosini, wewe unaita nini? Nimemwagilia maua tangu wewe hujui kusuka nywele."

"Na mwenye duka la mbegu aliniambia nini? Kitani hiki, maana ndilo jina la maua haya, ni cha nchi kavu. Usikifukie, usikihamishe, usikitilie mbolea, na usikionee huruma. Ni maneno yake, sijatia chumvi."

"Maua yasiyotaka maji ni ya plastiki."

Huo ulikuwa utani wake wa tangu mwaka jana, siku mkewe alipoleta zile mbegu za hudhurungi, nyororo, zinazoponyoka vidoleni. Ukame ulikuwa umekwisha kuila bustani. Hospitali ilikuwa inanunua maji yaliyoletwa na lori la boza, na amri ilitolewa kwamba hakuna hata ndoo moja itakayomwagwa kwenye maua. Waridi zikakauka, nyasi zikakauka, na Mzee Mpira akautundika mpira wake kwenye msumari nyuma ya mlango, akawa anaupita bila kuutazama, kama mtu aliyegombana na ndugu yake. Chiriku ndiye aliyelichimbua tuta, akazitawanya mbegu juu ya udongo na kuzishindilia kwa nyayo zake bila kuzifunika. Mwaka wa kwanza yakatoka majani tu. Wapishi wa hospitali walimcheka mumewe: "Mzee Mpira siku hizi anafuga nyasi!" Mwaka huu, kiangazi kikiwa kikali kuliko mwaka jana, yakachanua.

Lakini yalichanua asubuhi. Wagonjwa waliyaona kupitia madirisha ya wodi, wauguzi wa zamu ya usiku waliyaona wakienda kulala. Wageni waliokuja saa za kutazama wagonjwa, alasiri, waliona vijiti. Katibu aliyeingia kazini kwa geti la mbele na kutoka ofisini baada ya chakula cha mchana, aliona vijiti.

"Nitakwenda kumwomba Katibu ailete kamati asubuhi," Chiriku akasema.

"Kamati iamke kwa ajili ya maua yako?" Mzee Mpira akajinyoosha kitandani, akageukia ule ukuta wenye joto. "Mimi ningekuwa na maji, Chiriku, hakuna mtu angenisimamisha pale kofia mkononi."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhalilishwa, na Chiriku, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu la kila kitu, alimwonea huruma akanyamaza. Baadaye alijuta. Angesema neno lolote la kumtuliza, hata la uongo, pengine mzee angelala usingizi.

Asubuhi aliamshwa na kelele kutoka wodi ya wazazi.

Tangi jeusi lililokuwa nje ya wodi ile lilikuwa tupu. Usiku ule wanawake wawili walikuwa wamejifungua, na muuguzi alipofungua bomba apate maji ya kuwaogesha watoto, bomba likakohoa hewa. Maji yalikuja kuazimwa jikoni, kwa sufuria. Tangi lile lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulishikwa na mhudumu wa wodi, msichana mmoja mwembamba ambaye kila mtu alimwita Binti Pasi kwa sababu ya sare yake iliyonyooshwa mpaka mikunjo ikakata. Sasa alikuwa amesimama kati ya watu, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba, analia bila kujifuta.

"Jana jioni lilikuwa nusu. Nililipima mwenyewe kwa fimbo. Nikafunga."

"Sasa nusu nzima imekwenda wapi?" mlinzi akauliza. "Wanakunywa majini? Huko nje ya ukuta ndoo moja ya maji ina bei yake, kila mtu anajua."

"Unasema nimeuza?"

"Mimi sijasema. Nimesema ina bei yake."

Metroni, mkuu wa wauguzi, mama mnene asiyependa maneno mengi, akamtuma msichana nyumbani asubiri kuitwa. Chiriku alimkumbatia, akamwambia ajikaze, ukweli utajulikana, akamlaani mwizi na ukoo wake wote kwa sauti iliyofika jikoni. Kisha akaenda kuyatazama maua yake, kama alivyofanya kila asubuhi.

Tuta lilikuwa tope. Maji yalikuwa yamesimama katikati kama bakuli, na vishina vya upande wa chini vilikuwa vimelala ubavu, mizizi inaelea. Alama ya kitu kirefu kilichoburutwa ilipita mchangani kutoka wodi ya wazazi mpaka hapo alipokuwa amesimama. Chiriku aliitazama alama ile mara moja tu. Akageuka, akaenda nyumbani, akatazama nyuma ya mlango. Mpira ulikuwa kwenye msumari wake, unadondosha maji sakafuni.

Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, suruali imelowa mpaka magotini.

"Ufunguo ninao tangu zamani," akasema kabla hajaulizwa. "Enzi zile tangi lilikuwa la bustani. Nilitaka kidogo tu, mke wangu. Nifungue kwa dakika chache, yanywe, kamati ije iyakute yamesimama wima mpaka jioni. Nilikaa chini kupumzisha goti. Nadhani nilisinzia. Nilipozinduka, maji hayatoki tena."

"Ulisinzia."

"Nilidhani tangi limejaa."

"Watoto wachanga wameogeshwa kwa maji ya sufuria! Na maua umeyaua! Nilikwambia hayataki maji, nilikwambia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya ndege!" Alikuwa anapiga kelele kwa kunong'ona, jambo ambalo ni wachache wanaoliweza. "Na yule binti wamemrudisha nyumbani kama mwizi!"

Mzee Mpira akainuka. Akaanza kutafuta kofia yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Metroni. Kusema."

Hapo ndipo Chiriku alipofanya jambo ambalo hakuwahi kufikiri angelifanya. Alisimama mlangoni, akatandaza mikono yake miwili, akashika miimo.

"Alhamisi ipite kwanza."

"Na yule mtoto wa watu?"

"Yule ni kijana, ana miguu na miaka. Akikosa hapa atapata pengine. Sisi tukitoka humu tunakwenda wapi? Kulala tumeketi? Kamati ije, ione maua, ipitishe jambo lake. Ijumaa nitakwenda mimi mwenyewe kwa Metroni, nitasema yote. Nakuapia."

"Chiriku..."

"Siku chache tu, baba. Hazimuui mtu."

Mzee akakaa chini tena, kofia mapajani. Alikuwa mtu mwadilifu, lakini alikuwa amechoka, tena amekosa, na mtu aliyekosa hana nguvu ya kubishana na mkewe. Chiriku alichukua koleo na ndoo, akaenda kuukwangua ule mfereji ulioachwa na mpira, kisha akazoa mchanga mkavu kutoka nyuma ya stoo na kuumwaga juu ya tope, ndoo baada ya ndoo, mpaka tuta likaonekana kama siku zote. Vishina vilivyong'olewa na maji alivikusanya akavitupa. Vilivyobaki alivipasulia vijia vya maji kutoka. Waliomwona walisema, huyu mama ana bidii. Alipokea sifa hizo bila kuinua uso.

Nje ya ofisi ya Katibu palikuwa na benchi la mbao lenye mguu mfupi mmoja, kila aliyeketi alilazimika kujishikilia asiyumbe. Chiriku alifika mapema. Aliyemkuta kwenye benchi hilo alikuwa Binti Pasi, amevaa sare yake, imepigwa pasi kama kawaida, ingawa hakuwa na zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Msichana akasogea ili Chiriku akae upande usioyumba. "Naambiwa nisubiri. Jana nilisubiri mpaka wakafunga. Karani ananiambia Katibu ana mambo mazito. Mama, mimi sikuiba. Mdogo wangu ananiuliza kwa nini siendi kazini, nimemwambia nina likizo."

"Utasikilizwa."

"Nani atanisikiliza? Mlinzi anaapa aliniona nikizungumza na wauza maji. Wauza maji wanapita pale kila siku, kila mtu anazungumza nao!" Akamshika Chiriku mkono. "Mama, wewe unanifahamu. Watu wote humu wanakusikiliza, ukisema neno linafika. Nisemee. Sema tu kwamba unanijua."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku zote Chiriku aliona msemo huo ni wa watu wabaya. Sasa alikuwa amekaa ubavuni kwa mzigo wenyewe, unamshika mkono, na kiganja chake kimelowa jasho. Maneno yalimjaa mdomoni. Aliyajua yote, kwa mpangilio, kutoka la kwanza mpaka la mwisho. Akayameza.

"Vumilia, mwanangu," akasema. "Vumilia kidogo."

Karani akatoa kichwa mlangoni. Akampita msichana kwa macho kama kwamba benchi lilikuwa tupu upande ule. "Mama wa maua, ingia."

Ombi lake halikuchukua muda. Katibu alikuwa anakula karanga kutoka kwenye karatasi, akamsikiliza huku akitikisa kichwa, akacheka tena juu ya zile zamu za maua, kisha akapiga simu mbili. Mwenyekiti wa kamati, kumbe, alikuwa mtu wa kuamka mapema na alichukia vikao vya mchana. Wangekuja saa mbili asubuhi. Katibu aliifurahia kazi yake hiyo ndogo, akamwongezea Chiriku karanga kiganjani. "Mimi sipendi kumwona mzee yule anaondoka," akasema. "Umwambie."

Alipotoka, karanga bado zikiwa mkononi, Binti Pasi alikuwa palepale.

"Umefanikiwa, mama?"

"Nimefanikiwa."

"Alhamdulillahi," msichana akasema, na akatabasamu kwa dhati. "Angalau mmoja wetu."

Chiriku alitembea mpaka nyuma ya stoo, akazitupa zile karanga, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia. Hakumwambia mumewe. Jioni walikula, mzee akitafuna polepole kama mtu mwenye jino bovu, na kila alipoinua macho alimkuta mkewe anatazama chini.

Alhamisi ilikuja na jua safi. Saa mbili kamili kamati ilikuwa mbele ya tuta: Mwenyekiti, mzee mfupi aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kustaafu, Katibu, Metroni, na wajumbe wawili waliokuja na futi ya kupimia maegesho.

Hakuna aliyeikunjua futi ile. Kitani kilikuwa kimefunguka. Sehemu iliyooza ilikuwa na mapengo, lakini kutoka katikati mpaka chini ya madirisha ya wodi ilikuwa buluu moja, buluu ya mbingu iliyofuliwa, na vishina vilikuwa vyembamba hivi kwamba maua yalionekana yanasimama hewani yenyewe. Upepo kidogo ukipita, yote yaliinama pamoja na kuinuka pamoja. Dirishani mwa wodi mama mmoja alikuwa amesimama na mtoto mchanga, anamwonyesha kitu ambacho mtoto wa umri ule hawezi kukiona.

"Kwa ukame huu?" Mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo kazi ya mzee wetu," Katibu akasema kwa fahari, kana kwamba alizimwaga mbegu kwa mkono wake. "Yeye na mama. Nilikwambia, Mwenyekiti, tusikimbilie zege."

"Na mwakani?"

"Mwakani yatachanua tena," Chiriku akasema. "Haya ni ya kudumu, hayapandwi kila msimu. Na yakiangusha mbegu yanajiotesha yenyewe." Ulimi wake ulikuwa mzito, akajishangaa. Jambo hili hili alikuwa amelisubiri kulisema mwaka mzima.

"Mimi naona hakuna mjadala," Mwenyekiti akasema. "Bustani ibaki. Mzee abaki. Tena hospitali nyingine zije zijifunze hapa. Hebu niambie ukweli, mama, nikawaringie wenzangu: haya hayakupewa hata tone la maji?"

Chiriku alimtazama mumewe. Mzee Mpira alikuwa amesimama wima, kofia kichwani safari hii, macho yake kwenye ule upande ulioharibiwa na maji.  Alikuwa anasubiri Alhamisi ipite, kama alivyoombwa. Chiriku alitambua kwamba tangu siku ile mlangoni hakuwa amemwona mzee huyu akicheka, wala kulalamika, wala kutaja maua. Yeye Chiriku alikuwa amemfunga mdomo mtu ambaye maisha yake yote alikuwa na maneno machache, akamchukulia na hayo.

Kisha akamwona Binti Pasi. Alikuwa anakatiza uani kutoka getini kuelekea stoo, sare yake mikononi, imekunjwa mraba na kupigwa pasi. Alikuja kuirudisha, kama mtu aliyekwisha kuachishwa kazi. Aliona watu wazima wamesimama kwenye maua, akapunguza mwendo, akainamisha kichwa kwa heshima ya kupita.

Ijumaa ilikuwa kesho. Chiriku alijua, kwa uhakika uliomtia baridi, kwamba ikifika Ijumaa atasema Jumamosi.

"Yalipewa," akasema.

"Nini?"

"Yalipewa maji. Si tone. Tangi. Yale maji ya wodi ya wazazi yako hapa, chini ya miguu yako, mheshimiwa, nimeyafunika kwa mchanga mimi mwenyewe. Yule binti hakuuza kitu. Hajachukua hata kikombe. Nilijua tangu asubuhi ile ile na nilikaa naye kwenye benchi akanishika mkono nikamwambia avumilie."

 Mjumbe mmoja akasogea nyuma na kutazama viatu vyake.

"Nani aliyefungua tangi?" Metroni akauliza.

"Mimi," Mzee Mpira akasema. Sauti ilimtoka kubwa, kama kitu kilichozibuliwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo uliochakaa, akampa Metroni kwa mikono miwili. "Mke wangu hakujua mpaka yalipokwisha. Nilidhani yana kiu. Sikuuza. Nilidhani yana kiu tu."

Katibu alikuwa amegeuka rangi. Ungeweza kudhani ni hasira, na hasira ilikuwapo, lakini zaidi alikuwa ameumia, maana alikuwa amepiga simu mbili na kutoa karanga. "Mama," akasema, "mngeniambia. Siku ile ofisini ungeniambia."

"Ningekwambia, ungenipa saa mbili asubuhi?"

 Mwenyekiti alikohoa, akasema maji ya wodi ya wazazi si jambo dogo, akasema kamati itakaa ndani, na wote wakaondoka, wakiyapita maua kwa uangalifu wasiyakanyage. Metroni peke yake alibaki nyuma. Alimfuata Binti Pasi, ambaye alikuwa amesimama katikati ya uani asijue aendelee au arudi, akamnyang'anya ile sare iliyokunjwa, akamrudishia tena mikononi. "Zamu yako inaanza saa nane," akamwambia. "Usichelewe."

Uamuzi uliletwa na karani. Bustani itabaki. Zege halitamwagwa. Mzee ameachishwa kazi, na nyumba iachwe mwisho wa mwezi. Polisi hawataitwa, kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu. Karani aliyasema hayo akiwa amesimama nje ya kizingiti, akikataa kuingia, na alipomaliza aliomba samahani kwa Chiriku kwa sauti ya chini, hakueleza ya nini.

"Umenichongea," Mzee Mpira alimwambia mkewe usiku wa siku hiyo walipokuwa wanazima taa. Baada ya muda akaongeza, "Nashukuru." Akalala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tangi, na Chiriku akabaki macho akisikiliza anavyokoroma.

Walipata chumba mbali, juu ya duka la kushona magodoro, dirisha moja. Mtoto wao aliahidi kuja na mkokoteni kuwahamisha, kisha akapiga simu kwamba bosi wake amemnyima ruhusa. Mkokoteni ulikuja na mwenyewe, mtu mwenye haraka aliyesema kazi yake ni kusukuma, si kubeba. Magoti ya mzee yalikuwa yamevimba. Alibeba vitu vidogo: sufuria, mito, saa ya ukutani. Mtunza bustani mpya, kijana wa kampuni ya usafi, alikuja kuwasalimu akauliza yale ya buluu yamwagiliwe mara ngapi kwa wiki. Chiriku akaweka chini beseni alilokuwa amebeba, akamfundisha kila kitu, kuanzia mbegu, bila kufupisha. Kijana akasikiliza, akashukuru, akaenda zake.

Kilibaki kitanda. Kilikuwa cha chuma, kizito, cha kihospitali, walichonunua mnadani wodi zilipobadilisha samani. Chiriku alikiburuta mpaka mlangoni, kikakwama. Akakiinua upande mmoja, upande wa pili ukamwangukia mguuni. Mwenye mkokoteni akatazama saa yake. Dirisha la chumba cha kufulia lilikuwa limejaa vichwa vya watu waliomfahamu kwa miaka, na hakuna aliyetoka, maana wengine walimwona msaliti wa mumewe, na wengine walimwona mwenzake wa wizi.

"Shikamoo."

Chiriku akageuka. Binti Pasi alikuwa amesimama nyuma yake, ndani ya sare, mikunjo imekata. Uso wake haukuwa na tabasamu.

"Marahaba." Akatafuta la kuongeza. Alikuwa na mengi, alikuwa ameyapanga siku zote hizi akifunga mizigo, kuanzia benchi, kuanzia kile kiganja chenye jasho. "Mwanangu, mimi..."

"Usiseme, mama," msichana akamkatiza. "Sijakusamehe. Nikikutazama bado moyo unaniuma. Lakini kitanda hiki hukiwezi peke yako."

Alizunguka upande wa pili, akakunja mikono ya sare yake mpaka viwikoni, mikunjo yote ikaharibika, akashika chuma.

"Hesabu," akasema.

Chiriku alihesabu, na wakakinyanyua.